Jiwe la Yudith

Kila Jumamosi Yudith alimsaidia bibi yake, Apolonia, kuuza viazi katika soko la Uyole. Mdomo wa binti huyo, jamani! Wenzake wakikosea kutaja amri za Mungu kwenye mafundisho ya kipaimara, yeye aliwacheka waziwazi.

"Mimi siwezi kukosea," alijisifu. "Babu yangu alikuwa mwinjilisti. Kwetu dini iko kwenye damu."

"Haya, mwenye damu, panga viazi," bibi alimjibu.

Mara wakasikia, "Mwizi! Mwizi!" Kijana mmoja alichomoka mbio na simu ya mteja mkononi. Hakufika mbali. Mchuuzi alimkata mtama, akaanguka kifudifudi, na marungu yakamshukia mgongoni. Meno yalimtoka. Yudith naye akapandwa na mori. Aliokota jiwe akalirusha kwa nguvu zake zote, likampasua yule kijana juu ya jicho alipoinua uso.

"Safi sana, binti!" mwanamume mmoja alimsifu. "Leteni petroli tummalize!"

Petroli? Yudith aliitazama ile damu, akajua ni yeye aliyeitoa.

"Jamani, nisameheni!" kijana alilia.

Usiue. Amri hiyo Yudith aliikariri tangu utotoni, lakini leo haikumjia hata kidogo alipookota jiwe. Alijipenyeza katikati ya watu, akajilaza juu ya kijana.

"Msimuue!" alipiga kelele. Teke zito likamwingia ubavuni, akagumia kwa maumivu. Bibi Apolonia alifika akihema, akasimama mbele ya mtu mwenye dumu la petroli.

"Mwaga basi! Anza na mimi!"

Watu walisita, wakarudi nyuma. Hapo ndipo polisi walipofika, wakawapeleka majeruhi wote wawili hospitali.

"Bibi, nilimpiga jiwe," Yudith alisema kitandani huku akilia. "Babu angeona aibu."

"Nilikuona. Sikiliza, mjukuu wangu. Babu yako alituachia imani kama alivyotuachia shamba. Tukikaa tu kujisifu kwamba ni letu, litaota magugu. Imani hiyo lazima uilime mwenyewe, kila siku, kwa matendo. Leo umeanza. Usiishie hapo."

Yudith alielewa. Alishuka kitandani akijishika ubavu, akaenda wodi ya pili. Kijana yule, Crispin, alikuwa amefungwa bandeji usoni, na askari ameketi kando yake.

"Kaka," Yudith alisema, "lile jiwe la jichoni nililirusha mimi. Naomba unisamehe."