Mchele Aliouapia Obeid

Wapendwa, Ijumaa moja ya mwaka 2007 tulikuwa na furaha nyumbani kwetu Bondeni, Nakuru. Nilikuwa nikichambua mchele kwenye ungo. Jepkorir, rafiki wa mjukuu wangu Hadiya, aliona macho yangu yananisumbua, akaja kunisaidia kutoa mawe bila kuombwa.

"Nyanya, kwa mwendo huu pilau tutakula Jumapili!" Hadiya akatucheka.

Wasichana hao walifanya kazi pamoja katika maabara ya chuo. Kila aina ya mpunga ina alama zake ndani ya mbegu, alama za vinasaba, kama sisi tulivyo na alama za vidole. Kwa alama hizo walilinganisha mchele unaouzwa mjini na pishori halisi, ule mchele wa bei wenye harufu nzuri. Hadiya akamwomba baba yake, mwanangu Obeid mwenye duka la mchele, ampe hiyo pishori halisi.

"Wallahi, huu haujachanganywa," Obeid akaapa, akamjazia mfuko.

Mimi nilikuwa nimemwona stoo akichanganya magunia mawili sakafuni. Nikanyamaza. Ni mwanangu.

Jepkorir aliusaga mchele ule, wakaupima. Zikatokea alama za aina mbili badala ya moja. Mwalimu wao akauliza ni nani aliyeuharibu.

"Mchele wa baba ni safi," Hadiya akasema. "Jepkorir ndiye aliyesaga."

"Niliosha kinu mara mbili, Hadiya. Si tupime punje moja moja tuone?"

"Unamwita baba yangu mwongo?"

Jepkorir akaondolewa maabarani. Hadiya alipotusimulia mezani, Obeid aliinamisha kichwa, akaendelea kula. Nami nikamwongezea mchuzi. Mnisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki mbili baadaye, Hadiya akiwa peke yake, maneno ya mwenzake yalimkosesha raha. Akapima punje moja moja. Kila punje ilikuwa na alama za aina moja tu, safi kabisa, lakini punje zenyewe hazikuwa za ukoo mmoja. Basi mchele ulichanganywa kabla haujafika kwenye kinu.

Akaja dukani. "Baba, ulijua?"

"Mwanangu, mji mzima unachanganya."

"Sijakuuliza habari za mji."

Alimweleza mwalimu ukweli, kisha akaenda Molo kwa kina Jepkorir kuomba msamaha. Jepkorir alimkaribisha karibu na moto, akampa chai.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini nafasi yangu ameshapewa mwingine. Na wewe hukuniuliza hata mara moja kama ni mimi niliyeuharibu."

Hata hivyo alimfungia chupa ya maziwa aniletee mimi. Sikuweza kuyanywa.

Hadiya alihamia chuoni. Hunipigia simu, ananiuliza kama nimekula. Baba yake hamtaji.

Mafunzo

Anayewadanganya wateja hawezi kuuambia uongo wake uishie wapi. Utafika hadi kwa mtoto wake. Na sisi wazazi, tukinyamaza kwa kumpenda mwana wetu, tunamtwika kosa mtoto wa mwenzetu. Mkiona, semeni siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na neno moja la kumwokoa msichana mwema, nikalimeza.