Ubeti wa Mwisho wa Garth Netherwood

Jumapili ile nilioka nyama na viazi kama kawaida, nikala peke yangu huku redio ikiongea, nikaosha vyombo. Nje kulikuwa na manyunyu ya Novemba, yale ambayo sisi watu wa Yorkshire hatuyahesabu kuwa mvua. Saa nane mchana jirani yangu, Hilda Ackroyd, akagonga mlango wa nyuma. Alikuwa amevaa koti lake la mazishi.

"Noreen, una tiketi mbili za Garth Netherwood," akasema.

"Ninazo. Wifi yangu ana mafua, haji."

"Basi twende wote."

Nilimkodolea macho. Miaka thelathini tumepakana ukuta mmoja, na Hilda alikuwa hataki hata kulisikia jina la mtu huyo. Nikiweka santuri yake jikoni, anagonga ukuta kwa fagio. Nilidhani hapendi magitaa tu. Mimi nilikuwa nampenda Garth kufa. Wimbo wake wa "Winnie" ndio tuliofungulia dansi siku ya harusi yangu, na sikuacha kuuimba hata baada ya kumzika mume wangu. Watu wakisema, ukiusikiliza ni kama msichana mwenyewe yumo chumbani, mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Tulikuwa garini, tumeshavuka daraja.

"Yule Winnie wa kwenye wimbo," akasema, "ni mdogo wangu."

Nilimfahamu mdogo wake. Yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko juu ya kilima, mtu asiyesema wala kutembea. Nilishampelekea keki mara kadhaa, nikiziacha kwa wahudumu. Lakini akina Winnie wamejaa bonde hili kama mawe, na sikuwahi kufikiria.

Akanisimulia akiwa anatazama mbele. Majira ya baridi ya mwaka 1973 Garth alipanga chumba kwa mama yao. Alikuja na gitaa na njaa. Winnie alikuwa na miaka ishirini, anafanya kazi kiwanda cha sufu, na alikuwa anaimba mpaka sauti inapita kelele za mashine. Kila jioni Garth alimkalisha mbele yake, anampigia, anamtazama, anaandika.

"Ubeti wa kwanza uliimba kicheko chake. Alipoumaliza, Winnie akaacha kucheka. Tukadhani wamegombana. Wa pili uliimba sauti yake. Wa tatu, mwendo wake. Siku Garth anaondoka, Winnie alikuwa kitandani, hacheki, hasemi, hatembei. Madaktari wakasema mishipa. Na kila Garth akiuimba, popote alipo, Winnie anakuwa baridi kama maiti. Macho wazi, midomo inacheza. Nilikuwa nalinganisha siku zile na matangazo ya maonyesho gazetini. Akiwa Leeds, baridi. Akiwa Glasgow, baridi. Haijakosea hata mara moja."

Ningekuwa na akili ningesema Hilda amechoka, nimrudishe nyumbani. Lakini alitoa kipande cha gazeti mkobani, akakinyoosha juu ya goti. Garth Netherwood alikuwa anaaga jukwaa. Angekuja peke yake na gitaa lake, bila bendi, kuimba karibu na pale wimbo ulipozaliwa. Na kwa mara ya kwanza angeimba ubeti wa nne, aliouficha miaka arobaini na moja. Ubeti unaohusu pumzi ya Winnie akiwa amelala.

"Pumzi," Hilda akasema. "Ndicho kitu pekee alichombakizia."

Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri, ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti ambalo sasa ni ukumbi wa kijiji. Watu mia mbili, mvi tupu. Wanawake wa kamati walikuwa wanagawa chai na keki ya matunda karibu na mlango. Garth akatoka, akakaa kwenye kiti kimoja katikati ya jukwaa.

Nawaambieni ukweli, na ukweli huu unanikera mpaka leo: alikuwa anapiga vizuri. Karibu miaka sabini, lakini vidole vilikuwa vinatembea juu ya nyuzi kama maji. Gitaa moja, nawe unasikia matatu. Alitania pia. "Zamani wasichana walinisubiri mlangoni," akasema. "Siku hizi ni daktari wa magoti." Ukumbi ukacheka. Mimi nikacheka. Kisha nikamwona Hilda pembeni yangu, ngumi zake zimekaza mkobani, nikaona aibu.

Wakati wa mapumziko Hilda alinyanyuka akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Nikamfuata.

Garth alikuwa anajikanda mikono. Vidole vya kushoto vilikuwa vimejikunja kama makucha ya kuku aliyekufa. Alimtazama Hilda, akamjua palepale.

"Hilda. Mama yako alikuwa anapika supu nzuri ya njegere."

"Usimtaje mama yangu kwa mdomo huo."

"Winnie hajambo?"

"Unajua alivyo. Sema unajua."

Kwa sauti ndogo kabisa akasema, "Najua."

Nilikuwa nimeegemea mlango. Mpaka hapo nilikuwa naamini nusu. Neno lile likanimaliza.

"Unajua, na bado unauimba," Hilda akanong'ona.

"Nisipouimba, vidole ndiyo hivi. Nikiuimba vinanyooka. Niliuimba asubuhi, na tayari vinarudi." Akaviinua tuvione. "Kipenzi, fikiria. Angeolewa na mlevi mmoja wa kiwandani, akafa hajulikani. Mimi nimemfanya aishi. Watu wanalia kwa ajili yake huko Kanada."

"Anavalishwa nepi, Garth. Ndiyo kuishi huko?"

Garth akarudi kujikanda mikono.

"Uache ubeti wa nne," Hilda akasema. "Sikupigii magoti. Lakini nakuomba."

Garth akakohoa kidogo. "Ubeti wa nne ni wa kumwachia huru. Nikiumaliza, ataamka. Nakuapia."

Hilda akageuka, akatoka. Huko nje kwenye ujia alinishika mkono, vidole vikaniingia nyamani.

"Alikohoa. Umemsikia? Mama akimwuliza kodi, anakohoa. Akimwuliza kama atamwoa Winnie, anakohoa. Hajawahi kusema uongo bila kukohoa kwanza."

Tukarudi kukaa. Madirisha yalishaanza kuwa meusi.

Alipiga nyimbo tano, vidole vikizidi kuwa vizito. Ya sita ndiyo ilikuwa yenyewe.

Ubeti wa kwanza, msichana akacheka. Kicheko kilitoka upande wa kinanda cha zamani, ambapo hapakuwa na mtu. Watu wakatabasamu. Mama aliyekaa mbele yangu akafuta macho.

Ubeti wa pili, sauti ya pili ikapanda juu ya sauti ya Garth. Kipaza sauti kilikuwa kimoja. Mwimbaji alikuwa mmoja. Miaka yote nilidhani ni ufundi wa studio.

Ubeti wa tatu, mbao za jukwaa zikalia. Hatua nyepesi. Zilizunguka kiti chake mara moja. Mara mbili. Zikasimama mbele, kwenye ncha ya jukwaa, zimetuelekea.

Kukaingia baridi. Nikasikia harufu ya sufu mbichi na mafuta ya mashine.

Watu waliipenda. Mungu atusamehe, tulikuwa tumekaa pale tunaipenda.

"Na sasa," Garth akasema, akinyoosha vidole vyake vilivyonyooka, "ule ambao hamjawahi kuusikia."

Hilda akasimama.

Hakupiga kelele. Aliimba. Sauti yake ilikuwa kama bawaba yenye kutu, lakini tuni aliijua kuliko mwenyewe. Alikuwa ameichukia miaka arobaini na moja. Akauchukua ubeti kabla Garth hajafungua mdomo:

*Alikuja na gitaa na njaa, tukamlisha,*
*Hucheka kwa pua, hukohoa ndipo adanganye,*
*Kidole chake cha shahada kina kovu la kisu cha mama,*
*Na pumzi yake hii hapa, naishika.*

Watu waligeuka wakitabasamu. Kwetu si ajabu mtu wa kwenye viti kudaka ubeti. Walidhani Garth amempanga. Na Hilda alipofika kwenye kiitikio hakusema Winnie.

*Njoo, Garth, njoo,*
*Ukungu umeshuka mlimani,*
*Njoo usimame nami.*

Ukumbi mzima ukaitikia. Watu mia mbili wanaokijua kiitikio kile tangu ujana wao, wakaimba kwa nguvu, kwa mapenzi. *Njoo, Garth, njoo.* Na mimi niliimba. Sitajitakasa hapa. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Niliimba kwa kifua chote.

Garth alitikisa kichwa. Alitaka kuacha. Mkono haukumwachia. Uliendelea kupiga, bila kosa, bila kukosa uzi hata mmoja, na yeye anautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Mara ya pili. *Njoo, Garth.*

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mara ya tatu.

Gitaa likamaliza lenyewe, likanyamaza. Kisha zile hatua zikashuka ngazi za jukwaa. Tatu. Zikapita katikati ya viti. Baridi ikanigusa goti. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukajifunga.

Watu wakainuka kumpigia makofi. Walipiga muda mrefu sana. Garth alikaa anatutazama, macho wazi, midomo inachezacheza, na watu wanampigia makofi, wengine miluzi, mpaka mwanamke mmoja wa kamati alipomletea maji akaona hapepesi macho.

Hatukungoja gari la wagonjwa. Niliendesha kwenda kilimani kama kichaa.

Luz, mhudumu wa zamu, alikuwa mlangoni. Ni Mfilipino, mtu mtulivu, nimemwona akiosha maiti huku anaimba. Siku hiyo alikuwa bado ameshika simu.

"Nilikuwa nakupigia, Hilda," akanong'ona. "Amesimama."

Winnie alikuwa dirishani, ndani ya gauni la kulalia. Nywele nyeupe, uso hauna kunyanzi hata moja, kama nguo iliyokaa sandukuni. Hilda alimwendea mikono wazi, analia, anasema mdogo wangu, mdogo wangu.

"Umechelewa," Winnie akasema.

Sauti ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini. Ilitoka kwenye mdomo wa mzee.

"Winnie, nimemkomesha. Imekwisha."

"Miaka arobaini na moja nimesimamishwa mbele ya watu. Kila ukumbi nilikuwa natazama viti, safu kwa safu, nakutafuta. Wote walikuja, Hilda. Wewe hukuja hata siku moja."

"Nilikuwa siwezi kuusikia wimbo ule."

"Mimi niliweza?"

Hilda akashusha mikono. Nimewaona watu wakipokea habari za msiba. Hakuna aliyebadilika uso namna ile. Winnie akanigeukia mimi. Alinitazama sana, kwa ile chuki ya mtu anayekujua.

"Na huyu Noreen mtoe," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina langu.

Garth yuko hai, wanasema. Madaktari wakasema mishipa. Yuko nyumba ya wazee huko Scarborough, amekaa anatazama bahari, hacheki, hasemi, hatembei. Mashabiki wanampelekea maua, wanamwimbia. Sijui wanamwimbia wimbo upi, wala sitaki kujua. Hilda huenda kilimani kila siku, hukaa ujiani mbele ya mlango uliofungwa, hurudi. Nilimwuliza mara moja kama anajuta. "Ningemfanyia tena," akasema, "asubuhi na jioni. Ninachojutia ni kwamba nilikuwa na miguu miwili na nauli, na nikakaa nyumbani kugonga ukuta."

Wiki mbili kabla ya Krismasi Luz alinisimamisha nje ya duka la mkate. Akanivuta pembeni, akatoa mfukoni kichupa cha dawa.

"Nimeona lazima nimwonyeshe mtu," akanong'ona. "Nimemlea miaka tisa yule mama. Namnyanyua mwenyewe, namlaza mwenyewe. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto. Tangu siku ile zina sugu, ngumu kama kwato. Na kila nikimwosha natoa vitu hivi nyayoni."

Akavimwagia kiganjani mwangu. Vibanzi. Vya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, vya mbao yenye vanishi, kimoja kina uzi wa zulia jekundu umejisokota. Vibanzi vya majukwaa, vya miaka na miaka.

Kimoja hakikuwa mbao. Kilikuwa kipande cha zulia la plastiki, ukubwa wa ukucha, kijani chenye madoadoa meupe.

"Hiki cha wapi?" Luz akauliza.

Nikasema sijui.

Nilifika nyumbani, sikuvua hata koti. Nikaingia jikoni, pale ninapochezea santuri zangu, nikasukuma jiko kutoka ukutani. Mafundi waliotuwekea vigae mwaka 1996 walikuwa wavivu. Chini ya jiko hawakung'oa lile zulia la zamani. Bado lipo. Ni la kijani, na lina madoadoa meupe.