Fomu ya Mzee Ndolo na Mashine ya Mahindi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Ndolo alitoka uani kupangusa mashine yake ya kupukuchua mahindi. Aliipangusa hadi ikang'aa kama kioo. Majirani wa Tala wanasema jogoo mmoja alijiona humo, akadhani ni mgeni, akapigana naye mpaka mchana.

Taabu ilikuwa moja tu. Mashine iling'aa, lakini haikuwa na kazi. Mahindi yalikuwa yamekauka, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na kwa wiki tatu hakuna mtu aliyekuja kuikodi.

"Baba Mutheu," mkewe Mbula alisema akimmiminia uji, "msimu huu ukiisha mashine ikiwa imelala, inaenda Masinga kwa ndugu yangu. Huko itapata kazi."

"Watu watakodi. Si tuko na tovuti?"

"Tovuti yako iko na maswali mingi kuliko padri kabla ya harusi."

Ndolo aliinamia uji wake. Mashine hiyo aliinunua alipostaafu, na aliipenda kuliko redio yake. Tovuti ya kuikodisha ilitengenezwa na binti yao Mutheu, lakini maswali yote yalikuwa ya Ndolo mwenyewe. Alikuwa karani wa serikali kwa miaka thelathini. Kwake, fomu isiyouliza jina la babu wa mtu haikuwa fomu.

Saa nne hivi Mutheu alifika na rafiki yake Fathia, binti wa Kulmiye, yule anayeuza mabati na misumari sokoni. Kazi ya Fathia ni kupanga kurasa za mtandao ili watu wazitumie bila kuhangaika, na Mutheu alimleta aitazame ile ya baba yake.

"Mzee, ni nani alijaribu kukodi akashindwa?" Fathia aliuliza.

"Hakuna aliyeshindwa. Hawakutaka tu."

"Uliwauliza?"

Ndolo alikohoa.

"Kalunde alijaribu," Mbula akasema.

Kalunde alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mwethya, wanawake ishirini wanaosaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wiki hizo walikuwa wakitafuta mashine ya kupukuchua. Mbula alimpigia simu, naye akaja na simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Mama, fanya kama uko kwako na unataka mashine," Fathia alimwambia. "Sema kila kitu unachofikiria. Hatukupimi wewe, tunapima ukurasa. Mzee, wewe kaa hapa nyuma. Usimsaidie. Usiongee."

"Hata kidogo?"

Mbula alimpa kipande cha muwa. "Tafuna hii."

Kalunde alifungua tovuti. Wakangoja. Kitu kikaanza kujitokeza juu ya ukurasa, polepole, kikishuka kama pazia. Kwanza nywele, kisha paji la uso, kisha suti. Ilikuwa picha ya Ndolo, kubwa kama mlango.

"Bando yangu yote inaisha na kichwa ya mzee," Kalunde akasema.

Mutheu aliziba mdomo kwa kiganja. Ndolo aliuma muwa.

Kalunde akaendelea. "Nambari ya kitambulisho. Jina la baba. Jina la babu. Kata ndogo. Sanduku la posta. Mimi sanduku nililijua ni la shule, na shule nilimaliza zamani. Sasa inasema nieleze sababu za kuomba mashine, maneno yasipungue hamsini. Sababu ni mahindi." Akaandika. "Imekataa. Inasema maneno hayatoshi."

Akaandika mahindi, mahindi, mahindi, hadi akafika hamsini. Ukurasa ukakubali. Kisha akashusha simu.

"Hapa ndipo niliachia wiki ile. Inataka boma moja na siku moja. Sisi mwethya tunapitia maboma sita. Nijaze hii yote mara sita? Mvua itanikuta kwa jina la babu."

Ndolo aliacha kutafuna. Wiki tatu alidhani watu wameidharau mashine yake. Kumbe walikuja, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafukuza.

"Lakini mtu akiiba mashine?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mashine inaenda na nani?" Fathia akauliza.

"Na mimi. Mimi ndiye naiendesha."

"Basi jina la babu yake litakusaidia na nini? Mzee, kila swali lipime hivi. Bila jibu lake, mashine itashindwa kufika? Kama itafika, toa swali."

Wakaanza kutoa. Mwanzoni Ndolo alitetea kila swali kama mbuzi wake. Baadaye akapata utamu wa kufuta, akawa anamsukuma Mutheu kando afute mwenyewe. Yakabaki machache: unataka siku gani, nambari ya simu, na uko karibu na kanisa, shule au soko gani. Pale palipouliza "kwa muda wa saa ngapi" waliweka "magunia mangapi", kwa maana hakuna mtu Tala anayehesabu mahindi kwa saa. Wakaongeza kitufe kimoja kilichoandikwa "Boma lingine". Picha ya mzee ikaondoka, ikaja ya mashine, ndogo na nyepesi. Siku zilizochukuliwa zikawekwa alama nyekundu.

Alasiri Kalunde alijaribu tena. Chai ilikuwa bado haijachemka alipomaliza. Maboma sita, siku tatu. Ujumbe ukamjia: "Tumepokea. Tutafika Jumanne saa mbili asubuhi."

"Ni hiyo tu?" akauliza, akiangalia simu pande zote.

Jumanne mashine ilinguruma hadi ng'ombe wa ng'ambo wakasahau kula. Kabla ya jioni watu tisa walikuwa wameweka siku zao. Habari ya Masinga haikutajwa tena.

Boma la mwisho, siku ya tatu, lilikuwa la jirani wa Kalunde. Hapo bibi mzee, Ngina, aliyekuja na simu yake kutoka boma la karibu, alimshika Ndolo mkono.

"Hiyo kitu yako imenishinda. Sioni siku."

Ndolo alifungua mdomo aeleze, akaufunga. Akavuta debe tupu, akaketi kando yake.

"Nionyeshe mahali umekwama, mwaitu, mama yangu."

Ngina alinyoosha kidole. Tarehe zilikuwa ndogo kama punje za wimbi. Ndolo alimpigia Mutheu, na baada ya muda mfupi zikakua. Ngina akaishika simu mbali na uso, akasoma kwa sauti, "Alhamisi ijayo," akabonyeza.

Simu ikalia mfukoni mwa Ndolo: ombi la Ngina limefika.