Chupa Inayoonekana Tupu

Mtaalamu wa maabara alikuwa amechoshwa na dada yake. Amechoshwa hasa! Mara tatu alimwekea miadi ya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na mara tatu dada hakukosa sababu. Leo mvua, kesho nguo za kufua, keshokutwa mguu.

"Mimi siumwi, mdogo wangu," alisema. "Nikapimwe nini?"

Siku moja dada alimpelekea maabara funguo alizosahau nyumbani. Mtaalamu akaona hapa ndipo pa kumpatia. Akamvisha koti na glavu, akampa chupa ndogo kutoka kwenye kabati la joto.

"Humu mna seli za saratani hiyo hiyo. Tunazikuza ili tujaribu dawa. Kila baada ya siku mbili nazibadilishia maji ya chakula, hata Jumapili."

Dada aliinua chupa kwenye mwanga. "Mbona hamna kitu? Naona maji tu."

"Haya, tazama kwenye hadubini."

Dada akainama. Seli zilikuwa zimebanana mpaka hakuna nafasi.

"Makubwa! Zote hizi?"

"Zote. Na ndani ya mwili zinaanza hivyo hivyo, kimyakimya. Kwanza seli zinabadilika. Mpaka ziwe saratani, kwa kawaida inapita miaka. Zikikutwa mapema, zinatibika. Sasa wewe unasubiri uumwe!"

Dada akainuka taratibu. "Na wewe ulipimwa lini?"

Mtaalamu akajifanya anatafuta kalamu. "Kazi nyingi, dada. Kama miaka saba hivi."

"Hee! Za chupani unazilisha mpaka Jumapili, zako hujui hata zikoje? Kweli mganga hajigangi!"

Mtaalamu alikasirika, akairudisha chupa kabatini, kisha akaweka miadi ya watu wawili.

Kesho yake walikwenda wote kliniki. Muuguzi aliwapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, akaangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Dada alikuwa salama. Mtaalamu alikutwa na doa jeupe la seli zilizobadilika.

"Bado si saratani," muuguzi alimwambia. "Lakini tukiliacha, linaweza kuwa."

Dada alimshika mdogo wake mkono. Doa lilitibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa na baridi kali, na akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Mwaka ukapita. Siku ya kurudi kupimwa, dada alikuwa mlangoni asubuhi na mapema.

"Dada, leo nina seli za kulisha..."

"Zitakula tukirudi. Vaa viatu!"

Muuguzi aliangalia, akaangalia tena. Doa halikuwepo.