Koti la Mwalimu na Rasimu ya Fundi

Kila asubuhi Mama Fundi alipangusa cherehani yake, akatundika futi shingoni, akaanza kazi. Jioni fundi huyo huyo aligeuka mwanafunzi. Alisoma kozi ya ushonaji kwa njia ya simu. Chuo cha ufundi kilimtaka akafundishe, lakini bila cheti asingepata nafasi. Zilikuwepo kazi mbili za kuandika, na ya kwanza ilikuwa imemwangusha.

"Alama arobaini na moja kwa mia!" alimwambia mumewe. "Nimebonyeza 'Wasilisha', mlango wa kupokelea kazi ukafungwa. Kosa langu liko wapi? Sikuambiwa hata neno."

"Labda vidole vimezoea sindano, mke wangu."

"Cheka tu! Nikianguka na ya pili, cheti basi. Heri niache mapema."

Kesho yake alikuja jirani yao, dada mmoja kijana. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa kozi ile. Alikuja kujaribu koti. Mikono ya koti ilikuwa imeshikizwa kwa bandi, yaani mshono wa muda wa uzi mweupe.

"Inua mkono, Mwalimu."

"Kwapa linabana, Mama."

Fundi akachomoa uzi, akalegeza, akashikiza tena. Kisha akasema, "Mwalimu, koti lako nalijaribu kabla ya kulipiga cherehani. Mbona kazi yangu uliihukumu mara moja?"

Mwalimu mwingine angenuna. Yeye aliketi na koti lake la bandi mwilini, akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kukatia.

"Kweli, Mama. Niliweka mlango mmoja tu. Sasa naweka miwili. Wa kwanza ni wa rasimu, kazi ya kujaribia. Utaileta wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, na haina alama. Nitaandika maoni pembeni. Ukisharekebisha, utawasilisha kwenye mlango wa pili. Huo ndio wenye alama."

"Na wenzangu je?"

"Darasa zima."

Lakini mazoea yana taabu. Fundi hakuwahi kumkabidhi mteja nguo isiyopigwa pasi. Rasimu yake akaiandika, akaifuta, akaiandika, akaificha. Siku ya mwisho ya rasimu ikafika. Saa mbili kabla ya mlango kufungwa, Mwalimu akapiga simu.

"Mama, rasimu yako siioni."

"Bado ina nyuzi nyuzi. Naona haya."

"Haya? Mimi nilisimama kwako na koti la bandi! Ilete na nyuzi zake."

Alipokata simu, mumewe alimtazama bila utani. "Bonyeza, Fundi." Akabonyeza.

Maoni yakaja kesho yake: "Umeeleza kukata vizuri sana. Hujasema kwa nini kitambaa cha pamba kilowekwe kwanza. Toa mfano wa kazini kwako."

Fundi akaangua kicheko. Mfano alikuwa nao! Akaandika kisa cha suruali iliyofuliwa mara moja ikawa kaptura, na mwenye suruali akaja juu. Akawasilisha mlango wa pili.

Alipata sabini na nane. Cheti kikatoka, na chuo kikampa darasa.

Mwalimu alipokuja kuchukua koti lake, aligeuza mkono wa koti akaona uzi mmoja mweupe ndani.

"Mama, huu umeusahau?"

"Sijausahau," alisema Fundi. "Huo nimekuachia wewe, ukukumbushe kujaribu kabla ya kuhukumu. Na mimi, kwenye koti langu la kuendea darasani, nimebakiza mmoja kama huo."