Mguu Pande

Asiyeamini aje kambini kwetu jioni, asimame nami mlangoni, halafu aniambie amekanyaga nini. Mimi sina muda wa kubishana na watu.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jumamosi, jua la kawaida, mimi Amito nakaanga mandazi mbele ya uniporti yetu, hizi nyumba za bati za duara wanazopewa polisi. Mume wangu alikuwa Karamoja kikazi. Nilibaki na Aol, mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka kumi na sita, na nimemlea tangu akiwa mchanga. Sina mwingine. Na huyo Aol alikuwa na mpenzi kwenye simu.

Wala si mpenzi wa kuonana. Ocaya wa Kanada! Alimpata kwenye kundi la mtandaoni la watoto waliokulia kambini. Kijana akamwambia yeye pia alizaliwa kambi hii hii, kisha akahama na baba yake wakaenda ng'ambo. Basi ikawa asubuhi Ocaya, mchana Ocaya, chakula kinapoa, Ocaya. Nikimtuma unga sokoni Owino, anarudi na chumvi.

"Huyo mtu umewahi kumwona uso?"

"Anti, kamera yake mbovu."

"Kanada nzima imekosa fundi? Hapa Katwe wanakunyooshea hata sufuria iliyokanyagwa na lori!"

Akanuna. Mimi nikaendelea kukaanga.

Kilichonikosesha raha ni maswali ya huyo kijana. Aol alikuwa akimsikiliza kwa spika akidhani nimeenda bombani. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu ambaye maji yamempanda puani. Uko peke yako? Anti yako yuko wapi? Mlango wenu bado unakwaruza chini?

Bado? Mlango wetu unakwaruza kweli. Lakini mtu wa Kanada amejulia wapi?

Jioni ile ile kamera ikapona. Aol akatoka nje anaruka, simu mkononi. "Anti, njoo umwone! Ocaya, msalimie Anti!"

Sasa, kambini kwetu tarumbeta la kushusha bendera likilia, kila kitu kinasimama. Mwenye ndoo anatua ndoo. Watoto wanaacha mpira. Hata mlevi anajinyoosha. Mtoto wa kambini anajua amri ya "mguu sawa" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akiisikia anasimama wima, visigino pamoja, na hatikisiki mpaka aambiwe "mguu pande".

Tarumbeta likalia. Nikasimama na upawa wangu. Aol naye akasimama, simu imenielekea mimi. Na humo ndani ya kioo, kijana wa Kanada alikuwa amesimama wima. Mikono ubavuni. Kidevu juu. Nywele zinachuruzika maji.

Tarumbeta letu likanyamaza. La kwenye simu likaendelea. Likaongeza kijimkia, sauti tatu za kupanda.

Banange! Kijimkia kile nakijua. Afande Okwir, mpiga tarumbeta wetu wa zamani, ndiye peke yake aliyekiongeza, ili mwanawe ajue kazi imeisha na baba anakuja. Okwir alishakufa. Mwanawe alimtangulia. Alizama Port Bell siku ya matembezi, na ziwa halikumrudisha. Aliitwa Ocaya.

Ma-Ocaya wako wengi, nikajiambia. Lakini sikungoja. Nikampokonya simu, nikaizima.

"Huongei naye tena."

"Unanionea wivu tu, Anti!"

"Nina wivu, ndiyo. Kalale."

Simu nikaizika ndani ya pipa la unga.

Kesho yake niliporudi kutoka misa, unga ulikuwa umemwagika sakafu nzima. Aol hayupo. Jirani yangu Goretti alikuwa akianua nguo.

"Amepita hapa na gauni jipya," akaninong'oneza. "Anasema mjomba wa Ocaya anashuka na meli Port Bell. Amemletea tiketi ya ndege. Eti aende peke yake."

Sikumsubiri amalize. Nilirukia boda na khanga ya misa kiunoni.

Jua bado lilikuwa kali. Sikumwona gatini. Nikakimbia kando ya ziwa, nikapita matete, nikamwona. Alikuwa ndani ya maji, simu sikioni, anatembea. Anatembea polepole, kama anayeongozwa kwa mkono.

"Aol!"

Hakugeuka. Maji kiunoni.

"Aol, mwanangu!"

Maji kifuani. Mimi kuogelea sijui. Kilichonitoka mdomoni sikukipanga.

"MGUU SAWA!"

Akasimama. Mabega yakanyooka. Na kando yake, pasipo na mtu, maji yakaruka, kama mwingine naye amegonganisha visigino.

Niliingia. Nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja, sioni haya kusema. Nikamshika gauni, nikavuta. Wapi! Amekakamaa. Macho wazi, hanioni. Mtoto wa kambi hungoja amri. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake, nikanong'ona, nimwambie yeye tu.

"Mguu pande."

Akalegea, akaniangukia. Simu ikazama. Yale maji ya kando nayo yakatulia.

Tulirudi na boda, Aol katikati yangu na dereva, nimemkumbatia. Njia nzima dereva alilalamika.

"Nyabo, umebeba nini? Tairi la nyuma limekaa."

"Endesha."

Nyuma yangu nguo ilikuwa ya baridi, na maji yalizidi kuniingia mgongoni. Sikugeuka.

Tangu siku hiyo, bendera ikishushwa, mbele ya mlango wetu zinatokea nyayo mbili za maji. Ni za mvulana. Visigino pamoja, vidole vinatazama ndani ya nyumba. Nimefuta kwa tambara, nimemwaga majivu, zinarudi. Padre alikuja kunyunyiza maji ya baraka. Nikamwambia, Padre, maji tunayo.

Anachongoja nakijua. Anangoja amri. Alinisikia nilivyonong'ona kule ziwani, akatufuata, na sasa anangoja nimfungulie tena. Basi yale maneno mawili nimeyafuta mdomoni mwangu. Aol naye ametulia, anakula, ameanza kunisaidia mandazi. Nilianza kupata usingizi.

Jana tarumbeta liliponyamaza, watoto wa jirani wakaanza kucheza gwaride. Mmoja wao, mdogo kabisa, akapanda juu ya ndoo mbele ya mlango wangu. Akavuta pumzi. Nikaona anachotaka kusema. Upawa ukaniponyoka, nikamrukia nimzibe mdomo. Sikumfikia.

"Mguuuu... pande!"

Mlango ukakwaruza chini.

Nilitazama pale kwenye nyayo. Palikuwa pakavu. Nyingine mbichi zilikuwa zimeshavuka kizingiti. Na ndani, gizani, Aol alikuwa anacheka taratibu, kile kicheko chake cha kwenye simu.

Simu hana.