Msichana Aliyetaka Ubatizo Wake Ufutwe

Kaeni vizuri, maana hili hamtaliamini. Kuna msichana wa darasa la sita, mwenye akili zake timamu, aliyekwenda ofisini kwa padre kuomba afutiwe ubatizo. Afutiwe! Siyo kwamba alikuwa amemkasirikia Mungu, wala hakutaka kuhama kanisa. Alitaka mama yake aolewe. Mnaona? Ngojeni niwaeleze ilivyokuwa.

Msichana huyo walimwita Sindano kwa wembamba wake. Aliishi na mama yake kwenye vyumba viwili nyuma ya hospitali. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyo hiyo: mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, kutwa nzima katikati ya mvuke na mashine zinazounguruma. Kila jioni mambo yalikuwa yale yale. Mama anaingia, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kiti cha plastiki bila hata kuwasha taa. Sindano anamletea beseni la maji ya uvuguvugu, mama anatumbukiza miguu na kufumba macho.

"Umekula?" mama anauliza.

"Nimekula. Na wewe?"

"Nitakula nikipata nguvu ya kutafuna."

Alisema kwa utani, lakini siku nyingine alilala hivyo hivyo, bila kutafuna chochote.

Aliyekuwa anawapunguzia mzigo ni fundi bomba mmoja, mtu mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kuoa. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, na ndiye aliyemsimamia Sindano siku ya ubatizo. Kwa hiyo alikuwa baba yake wa ubatizo, na Sindano alimwita Baba Fundi. Alikuwa na tabia ya kuongea na mabomba. "Na wewe leo una kiburi cha nani?" alikuwa anaiuliza koki inayovuja, na Sindano anacheka mpaka anakaa chini. Baba Fundi ndiye aliyemsikiliza akikariri katekisimu, na ndiye aliyempeleka kwenye komunyo ya kwanza mama alipokosa ruhusa kazini.

Basi siku moja Baba Fundi akamwomba mama wafunge ndoa. Mama alicheka kwanza, halafu akalia, halafu akakubali. Wakaenda kwa padre, akawahoji mmoja mmoja kama desturi ilivyo, na Jumapili iliyofuata matangazo yao yakasomwa kanisani: fulani anataka kufunga ndoa na fulani, na yeyote anayejua kizuizi anawajibika kumjulisha paroko. Ilibaki kidogo tu Sindano apige makofi katikati ya misa.

Jioni hiyo simu ya mama ikaanza kulia, mara ujumbe huu, mara ule. Ulitoka kwenye kundi la simu la jumuiya yao ya waumini, ambalo kwa kawaida lilikuwa la kukumbushana sala na zamu za kufagia kanisa. Aliyetuma sauti ni Mama Katibu, katibu wa jumuiya, mjane mtu mzima anayeuza sare za shule.

"Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Nasema hili kwa uchungu, siyo kwa ubaya. Mwanaume akishamsimamia mtoto kwenye ubatizo, amekuwa ndugu wa kiroho wa mama wa mtoto. Ndugu na ndugu hawaoani. Kanisa linakataza. Tusinyamaze, tukaja kuulizwa mbele ya Mungu."

Mvua ya majibu ikashuka. Mmoja akaandika, "Ni kweli, hata mimi nilisikia hivyo." Mwingine, "Mimi pia nilisikia." Wengine wakaweka vile vimikono vya kuomba na nyuso za kulia. Hakuna hata mmoja aliyesema alisikia wapi.

Mama akaiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini.

"Mama, ni kweli?"

"Sijui, mwanangu."

"Si tukamuulize padre?"

"Halafu aniambie hapana na watu wote wanajua nilikwenda?" Mama alifumba macho. "Kutwa nimeshindana na mashine. Sina nguvu ya kushindana na Kanisa. Yaishe tu."

Kesho yake Baba Fundi alipokuja, mama alimwambia pale pale mlangoni.

"Twende tukamuulize paroko," Baba Fundi alisema. "Kuuliza siyo kosa."

"Wewe ukiambiwa hapana utarudi kwenye mabomba yako. Mimi nitakaa na macho ya watu kila Jumapili. Niache, nimechoka."

Baba Fundi alisimama na mfuko wake wa vifaa, hajui aupeleke wapi. Alikuwa amekuja kubadilisha mpira wa koki ya jikoni, basi akaingia, akaubadilisha, akaondoka. Hakuiambia koki neno hata moja. Sindano alisubiri ukutani amsikie, akasubiri weee, kimya. Hapo ndipo alipojua kwamba mambo yameharibika kabisa.

Shuleni alimsimulia jirani yake wa dawati, msichana ambaye walimwita Redio, maana hakuwahi kuishiwa la kusema.

"Kwa hiyo tatizo ni ubatizo wako," Redio alisema.

"Ndiyo. Asingenisimamia mimi, wangeoana."

"Sasa si ukafutwe?"

"Nini?"

"Ufutwe! Kwenye simu ya kaka yangu kila kitu kinafutika. Picha, akaunti, hata watu. Unabonyeza, kwisha habari."

"Kanisani hawabonyezi, Redio."

"Padre hawezi kukosa pa kubonyeza. Pale si yeye ndiye bosi?"

Msicheke. Sindano hakucheka. Alitembea hadi nyumbani akilipima jambo hilo. Bila ubatizo hakuna komunyo. Bila ubatizo, pengine na mbinguni asingefika. Kwa mtoto aliyekariri katekisimu nzima hilo siyo jambo dogo. Lakini alipofika alimkuta mama amesinzia kwenye kile kiti, kiatu kimoja kimevuliwa, kingine bado kiko mguuni. Akamvua. Akatoka, akaenda parokia.

Nje ya ofisi, kwenye benchi, alikuwepo Mama Katibu akisubiri kupewa ufunguo wa ukumbi. Sindano alimwamkia bila kumtazama usoni, akaingia. Padre alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuzika. Viatu vyake vilikuwa na udongo, macho yamemwingia ndani, kikombe cha chai kimepoa mbele yake.

"Karibu, mwanangu. Una shida gani?"

"Padre, naomba unifutie ubatizo."

Padre alikuwa ananyanyua kikombe. Akakirudisha. "Nikufutie nini?"

"Ubatizo wangu. Mama hawezi kuolewa na Baba Fundi kwa sababu yangu, maana alinisimamia. Ukinifuta hawatakuwa ndugu tena. Wakishaoana unanibatiza upya, na msimamizi tutatafuta mwingine. Nimeshafikiria yote."

Padre akaanza kucheka, na kicheko kikaishia njiani. Akajipangusa uso kwa leso, haikujulikana kama ni jasho.

"Ulijua unakuja kutoa nini?"

"Nilijua, padre."

"Na ukaja?"

"Mama amechoka sana."

Padre akasukuma kikombe pembeni. Kisha akasema, "Sikiliza. Kwanza, ubatizo haufutiki. Mimi siwezi, askofu hawezi, Papa mwenyewe hawezi. Hata ukikimbia, unakimbia nao. Pili, hakuna sababu ya kuufuta." Akavuta kutoka kwenye rafu kitabu cha sheria za Kanisa, kinene kama tofali. "Vizuizi vya ndoa vimo humu. Mtu ambaye bado yuko kwenye ndoa nyingine. Ndugu wa damu wa karibu. Mwenye umri mdogo. Padre kama mimi. Viko na vingine. Lakini baba wa ubatizo wa mtoto kumwoa mama wa mtoto? Hakimo. Mama yako yuko huru kuolewa."

"Lakini Mama Katibu alisema…"

"Mama Katibu!" padre aliita kuelekea mlangoni. "Hebu ingia."

Akaingia, mkoba kifuani. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amesikia kila kitu.

"Mama, hili la ndugu wa kiroho ulilipata wapi?"

"Kwa katekista wa zamani, padre. Marehemu sasa."

"Alikuwa anawafundisha hivyo watu wote?"

Mama Katibu aliubana mkoba. "Aliniambia mimi," alisema. "Mume wangu alifariki nikiwa bado kijana. Msimamizi wa mwanangu wa kwanza akaja kuniposa. Alikuwa mwalimu, mtu mzuri, watoto walimpenda. Katekista akasema haiwezekani, ni ndugu yangu wa kiroho. Nikamkataa. Akahamia mbali, akaoa huko. Mimi nikalea peke yangu, na mgongo huu ndio unajua." Akamtazama Sindano. "Sikutaka kumwonea mama yako. Nilitaka nimwepushe na dhambi."

Kisha Mama Katibu akamgeukia padre, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtoto.

"Lakini sheria ilibadilika, siyo, padre? Wakati wangu ilikuwa hivyo?"

Hapo sasa! Padre alikuwa na neno moja tu la kusema. "Ndiyo." Mama wa watu angechukua ufunguo wake, akaenda nyumbani na amani yake. Nani angejua? Padre aliangalia dirishani muda mrefu, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Hapana, mama," alisema. "Wakati wako kulikuwa na kizuizi, lakini kilikuwa kati ya mtoto mwenyewe na msimamizi wake. Siyo kati ya mzazi na msimamizi. Wewe na yule mwalimu mngeweza kuoana. Katekista alikosea, na hakuna aliyekuja kumuuliza paroko."

Mama Katibu akakaa bila kukaribishwa.

"Hakuna aliyekuja kuuliza," alirudia. "Na ofisi ilikuwa hapa hapa."

Alilia kimya kimya, bila kelele, kama mtu asiyetaka kusumbua. Sindano akasogea, akamshikia mkoba wake mpaka alipomaliza.

Walirudi pamoja nyumbani kwa Sindano, mama mtu mzima na mtoto, polepole. Mama Katibu hakuzunguka. "Mwenzangu, nilikosea. Kizuizi hakuna. Nimetoka kwa padre sasa hivi." Na pale pale, mbele ya mama, akatoa simu na kutuma sauti nyingine kwenye kundi: "Wapendwa, nililosema siyo kweli. Sikuuliza kabla ya kusema. Mwenye swali aende kwa paroko, asije kwangu." Safari hii hakuna aliyeandika kwamba alisikia hivyo.

Padre hakumalizia hapo. Alimwita mama tena, peke yake, akamuuliza kama anaolewa kwa hiari, maana ndoa bila hiari siyo ndoa. "Au ni kwa sababu umechoka kuhangaika?"

"Padre," mama akajibu, "kama ingekuwa uchovu tu, ningeomba likizo."

Walifunga ndoa asubuhi moja, kimya, bila mbwembwe. Baba Fundi alijibu "ndiyo" kabla swali halijaisha, kanisa zima likacheka. Jumatatu mama alirudi kwenye mvuke na mashuka yake, akarudi jioni amechoka vile vile. Tofauti ni kwamba taa ilikuwa inawaka, na jikoni kulikuwa na mtu anaigombeza koki.

Jambo moja lilibaki kumsumbua Sindano. Siku ile ile ya ndoa, baada ya misa, alimfuata padre.

"Padre, kwa nini hukumwambia tu Mama Katibu kwamba sheria ilibadilika? Angalilala vizuri."

Padre alikuwa anavua joho lake, amechoka kama siku zote. "Maisha yake yote hakuuliza, na kwa kutouliza alipoteza mengi," alisema. "Siku hiyo aliuliza kwa mara ya kwanza. Mtu akishapata moyo wa kuuliza, mwanangu, unampa ukweli. Ukimpa uongo, hata kama ni mtamu, unamfundisha kwamba kuuliza hakuna faida. Na wewe uendelee kuuliza, hata kama swali lenyewe ni la kufutwa ubatizo."

Nje, Mama Katibu alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi za kanisa, anawaangalia maharusi wakipigwa picha. Sindano akaenda kukaa karibu naye.

Sasa niambieni ninyi mnaosoma. Mngekuwa kwenye kile kiti cha padre, yule mama anawatazama, anasubiri neno moja tu, mngemjibu nini?